Siku Nilipomtembeza Masunga Mafunjoni

Nimeambiwa mpo saba mnaojifunza kutembeza wageni, na kwamba wanne kati yenu wameshanunua darubini kabla ya kununua buti za mpira. Siwacheki. Nami nilianza hivyo hivyo, isipokuwa sikuwa na darubini. Nilikuwa na mdomo.

Mama Zuhura, mwenye nyumba ya wageni pale Lamadi, aliniajiri kwa sababu mbili tu: nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na baba yangu alikuwa na shamba kando ya mto. Akaniambia, "Kabula, wageni wangu wakishatoka kuangalia simba wanakuwa wamechoka kukaa garini. Wanataka kunyoosha miguu. Wewe watembeze huko kwenu mtoni, uwarudishe wazima." Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu yote. Ninyi mnapewa vyeti na chai.

Kazi hiyo nimeifanya mpaka magoti yalipogoma. Na kwa kuwa mmenifuata mpaka nyumbani, kaeni hapo, chukueni michembe hiyo ya viazi mle, niwaambie machache.

Mto wetu mnaujua. Ukikaribia ziwa unaacha kuwa mto, unajimwaga kushoto na kulia, unaingia kwenye matete, unapotelea kwenye mafunjo, na huwezi kusema hapa ni maji na hapa ni nchi kavu. Pale ndipo pa kutembea. Hakuna kilele cha kufikia wala kitu cha kusema "tumefika". Mgeni anayeuliza "tumebakiza kilomita ngapi" bado hajaanza kutembea, hata kama ameshavuja jasho.

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa muuguzi mstaafu kutoka Maswa, mama mnene, mpole, amevaa kofia ya ukindu. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala, nilikariri ndege kwenye daftari. Tulipoingia tu njiani nikaanza: yule mdiria, yule yangeyange, yule kwazi, wale minana, yule fundichuma, anajenga kiota kikubwa kuliko kichwa cha ng'ombe. Niliongea kama redio iliyoachwa imewashwa. Tulipofika kwenye maji ya yungiyungi, yule mama akanigusa bega. "Binti," akasema, "umenitajia ndege wengi, Mungu akubariki. Sasa nyamaza kidogo nimwone mmoja."

Nyuma yetu alikuwa Mzee Jilala. Huyo aliajiriwa na Mama Zuhura atembee mwisho wa msafara, asije mtu akabaki matopeni. Alikuwa mvuvi wa kamongo, wale samaki wanaojichimbia kwenye tope kiangazi, na maisha yake yote alikuwa ametembea huku akichoma tope kwa mkuki, taratibu, hatua kwa hatua. Siku ile hakucheka. Tulipomrudisha mama yule, akaniambia, "Kabula ng'wanone, mwanangu, leo mgeni ametembea ndani ya mdomo wako. Kesho mpeleke mtoni."

Basi nikawa mwanafunzi wake, ingawa kwenye karatasi za Mama Zuhura mimi ndiye niliyekuwa kiongozi.

Alinifundisha fimbo. Mafunjo yakisongamana yanaelea juu ya maji kama godoro, na ukikanyaga godoro lile chini unalisikia linabonyea. Kuna mahali linakubeba, na kuna mahali linakumeza mpaka kiunoni. Usihamishe uzito wako mpaka umechoma kwa fimbo na kusikia chini kuna kitu kigumu. Karani mmoja wa Bariadi aliwahi kunidharau kwa hilo, akaruka kando kupiga picha, na viatu vyake vilivyokuwa vinang'aa. Yeye tulimtoa. Kiatu cha kulia kimebaki humo mpaka leo. Baadaye alirudi na wakwe zake, amevaa buti, na yeye ndiye aliyekuwa anawagombeza wote wachome kwanza kwa fimbo.

Alinifundisha umande. Asubuhi majani yote ni meupe kwa umande, kwa hiyo ukiona mstari wa kijani kibichi umekatiza, kuna kitu kimepita muda si mrefu na kuupangusa. Kama mstari ni mwembamba, ni kenge au mtu. Kama ni mipana miwili iliyoongozana, na katikati kumebaki kituta cha nyasi, simama. Hiyo ni njia ya kiboko. Anatembea miguu ya kushoto upande wake na ya kulia upande wake. Muda wote jiulize maji yako wapi na yeye yuko wapi, na wewe usiwe katikati. Mkimkuta ametoka malishoni amechelewa, msikimbilie mtoni. Huko ndiko anakokimbilia yeye.

Ruba akimng'ang'ania mgeni, msimvute. Bebeni chumvi kwenye kiberiti. Na simu zenu hizo zinazotoa sauti za ndege, nawaomba. Kijana mmoja aliyekuja kufanya kazi nami mwishoni alimpigia ndege sauti ya dume mwenzake ili amtoe porini. Alitoka kweli. Alitoka akaizunguka ile simu kwa hasira mpaka akachoka, na siku ile sijui kama alikula. Mtu akija kupiga kelele za adui yako nje ya nyumba yako utafurahi?

Lakini sikuwaketisha niwasimulie ruba. Nataka niwaeleze kosa langu kubwa kuliko yote, nalo halikutokea kwa mgeni. Lilitokea kwa mdogo wangu.

Baba alipofariki, shamba la mtoni lilibaki kwa Masunga. Tumezaliwa wawili tu, mimi na yeye, nimemwacha miaka sita. Sehemu ya juu ya shamba alilima pamba na mahindi. Sehemu ya chini ilikuwa mafunjo, na katikati ya mafunjo hayo ndimo njia yangu ya wageni ilimopita. Hatukuwahi kuandikishana. Yeye alikuwa akiniona napita, ananipungia mkono, basi.

Mwaka mmoja pamba ikamtupa vibaya, na mvua ikakatika mahindi yakiwa kiunoni. Nikasikia kwa watu kwamba Masunga ameagiza mapanga na vibarua, anataka kuyafyeka mafunjo yote mpaka kwenye maji, apande nyanya. Nikasikia kwa watu, mmenielewa? Sikwenda kumuuliza. Nyumba yake na yangu unaweza kuitana kwa sauti, na mimi sikwenda.

Nilisubiri mkutano wa kijiji. Nikasimama mbele ya wazee, mbele ya vijana wa rika lake, mbele ya mke wake, nikasema, "Masunga anataka kuua mto wa baba yetu kwa tamaa ya nyanya."

Watu wakacheka. Tamaa ya nyanya! Mnajua watu wa kwetu wakipata jina. Kabla mkutano haujaisha alikuwa ameshaitwa Nyanya. Masunga alisimama, akavaa kofia yake, akaondoka. Mwenyekiti akasema ardhi ni ya familia, familia ikazungumze. Ndiyo ikawa mwisho. Sikupata chochote nilichokitaka, na mdogo wangu nikampoteza.

Hatukusemeshana kuanzia kipindi cha kupanda mpaka pamba inavunwa. Jumapili tulikutana kwa mama, maana hiyo huwezi kuikwepa. Tunakaa mkeka mmoja, bakuli moja la dagaa katikati. Masunga anasema, "Mayu, mwambie dada asogeze chumvi." Mimi nasema, "Mayu, mwambie chumvi iko mbele yake." Mama yetu alivumilia wiki kadhaa. Siku moja akachukua ile chumvi, akaimwaga yote kwenye dagaa, akasema, "Haya, kuleni," akatoka nje. Tulikula. Hakuna aliyethubutu kuacha.

Vibarua Masunga hakuwaleta msimu ule. Sikujua kwa nini. Nilijiambia nimemshinda.

Mzee Jilala alikuwa anajua yote, lakini hakuwa mtu wa kuingilia. Asubuhi moja tumekaa kwenye gogo, wageni wanapiga picha, akaniuliza tu, "Kabula, watu wa kutoka Ulaya umewatembeza?"

"Wengi."

"Na wa Dar?"

"Na wa Dar."

"Masunga je?"

Nikacheka. "Masunga amezaliwa hapa, Mzee. Nimtembeze wapi?"

Akarudi kuchonga fimbo yake. Lakini siku ile kutwa nzima sikuweza kuwaeleza wageni jambo likaeleweka.

Kesho yake nikaenda kwa Masunga. Nilimkuta anafunga zizi. Nikamwambia nataka twende tutembee mtoni, asubuhi, mimi na yeye.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Kutembea tu."

"Kutembea tu." Akakunja uso kama nimemwambia tukaruke angani. "Dada, mtu mzima anatembea hana ng'ombe, hana mzigo, haendi msibani, watu wataniuliza ninaumwa nini. Jina ulilonipa halijatosha?"

Lile la mwisho lilinichoma. Nikasema, "Naomba."

Akaja. Alikuja na jembe begani, ili akionekana aonekane ana safari. Hatujafika mbali tukakutana na mama mmoja anatoka kuchota maji, tukaamkiana. "Mwangaluka!" "Mwangaluka, mhola?" "Mhola duhu. Mnakwenda kulima wapi?" Masunga akaonyesha kwa kidevu upande wa ziwa. "Kule." Kule kulikuwa maji matupu mpaka Ukerewe.

Mnajua mgeni mwenye haraka anavyopunguzwa mwendo? Usimwambie apunguze, atajisikia vibaya. Inama ufunge kamba za viatu. Atasimama akusubiri, na akisimama ataanza kuona. Siku ile niliinama mara sita, na nilikuwa nimevaa buti za mpira. Mara ya sita Masunga akasema, "Dada, hizo buti hazina kamba." Hakucheka, lakini alipunguza mwendo.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka nimwonyeshe mahali mdiria anapochimba kiota kwenye ukingo, nimweleze mafunjo yanavyochuja maji, yote niliyokuwa nikiwaambia watu. Tulipofika kwenye kijito kimoja chembamba, ambacho mimi nilikuwa nakiruka kila siku, Masunga akasimama. Akalaza jembe chini, akachuchumaa, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa. Akatoa kipande cha mti kilichooza, kimechongwa ncha.

"Kigingi cha baba," akasema. "Hapa ndipo alipokuwa anategea mgono."

"Mgono gani?"

"Wa samaki. Wewe ulikuwa shule." Akanionyesha jinsi maji yanavyoingia. Akasema mvua za kwanza zikinyesha mumi, hao kambare wetu, wanapanda kwa kijito hiki kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofurika. Baba alikuwa anang'oa mtego siku hizo zote, anawaacha wapite. Wakianza kushuka ndipo anaurudisha. "Alinikataza hata kuosha miguu hapa wakipanda. Nilidhani anatania. Nikanawa. Alinichapa."

Vijana, nilikuwa nimekiruka kijito kile miaka na miaka, nikiwaonyesha watu ndege wa juu, na sikujua baba yangu mwenyewe alikuwa anafanya nini pale. Nikakaa chini kwenye majani yenye umande, suruali ikalowa. Nikamwambia, "Niambie mengine."

Akaniambia. Hakuniambia ya samaki tu. Aliniambia kiboko mmoja alimaliza mahindi ya robo ekari kwa usiku mmoja, na watoto wake Masunga wakala uji wa udaga, muhogo uliovundikwa, mpaka wakauchukia. Akasema, "Wewe unawaonyesha watu kiboko, wanafurahi, wanapiga makofi. Mimi namlisha. Umewahi kuniuliza ninamlisha nini?"

"Sijakuuliza."

"Ya nyanya hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia sijui la kufanya. Nilikuwa sijui, dada. Nilisema mapanga, lakini nilikuwa sijui."

Nikamwambia nilikosea pale mkutanoni. Nilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Akakigeuza kile kigingi mkononi.

"Ulikosea," akasema. "Hata mwalimu wa watoto ananiita Nyanya." Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Nami nikacheka. Tulicheka mpaka yangeyange waliokuwa karibu wakaruka.

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Siku chache baadaye Mzee Jilala alikwenda na Masunga shambani, wakafuata njia ya kiboko kuanzia kwenye maji mpaka malishoni, wakaiwekea alama. Kiboko ana njia zake, hapendi kuzibadili, na mahindi ya Masunga yalikuwa yamekaa katikati ya njia. Kwa hiyo Masunga akafyeka mafunjo ya upande wa juu, mbali na njia ile, apande nyanya huko, akayaacha ya chini. Aliyafyeka kweli. Nilikuwepo. Sikuweza kuangalia mpaka mwisho, nikaenda kwa mama kuchambua dagaa ambao walikuwa wameshachambuliwa. Njia yangu ya wageni ikapinda, ikapita ukingoni mwa matuta yake.

Nyanya zilikubali. Aliniletea ndoo. Zilikuwa tamu, na nilikasirika kwamba ni tamu, na nikala.

Msimu uliofuata akapanda tena. Masika yalikuwa yanaelekea kwisha, Mzee Jilala ameshaacha kazi, anakaa kwa binti yake huko Lalago, na mimi magoti yameanza kunisema. Asubuhi moja kabla sijawasha moto Masunga akagonga. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona. Akasema kwa sauti ya chini, kama vile ndani kuna mgonjwa, "Dada, njoo. Polepole."

Nikamfuata. Tulipofika shambani kwake jambo la kwanza nililoliona ni magugu. Matuta ya juu yalikuwa safi, yamepaliliwa kama ua wa kanisa. Matuta ya chini, yanayopakana na mafunjo, yalikuwa yamemezwa. Magugu yamefika magotini, nyanya huzioni, zilizoiva zimeozea chini. Na Masunga si mvivu, hata adui yake hawezi kusema hivyo.

"Umeumwa?" nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa. Akanivuta mkono nichuchumae nyuma ya matuta, akanionyesha kwa kidole mahali mafunjo yalipolala. Kwanza sikuona kitu. Kisha nikaliona taji la dhahabu, likigeuka taratibu. Korongo taji, amelala kwenye kiota cha matete, hata hatua thelathini hazifiki kutoka mstari wa mwisho wa nyanya.

"Nikilima huku anainuka," Masunga akasema. "Mayai yanabaki juani. Nilijaribu mara mbili. Mara ya pili alikaa mbali muda mrefu, nikajificha kule kwenye mahindi nikimwomba arudi. Kama kichaa. Akarudi. Nikaacha kulima."

"Tangu lini?"

"Unakaribia mwezi."

"Na nyanya hizi?"

Akazitazama. "Hizi nimeshazisamehe." Kisha akaharakisha, "Usimwambie mtu. Wananiita Nyanya, sasa wataniita nani?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilijua mayai yanaatamiwa siku ngapi, nilijua dume na jike wanapokezana, nilijua kila kitu kilichokuwa kwenye daftari langu. Nikafumba mdomo. Korongo akasimama kwenye kiota, akanyoosha shingo, akashuka kwenye nyasi. Nyuma yake kikatoka kifaranga cha rangi ya mchanga, kimelowa bado, miguu inapishana. Kikaanguka. Kikainuka. Kikatoka cha pili. Mwenzake korongo akaja kutoka majini, wakaviweka katikati, wakaanza kwenda hatua moja moja, wakisubiri.

Masunga alikuwa bado ameushika mkono wangu. Hakuwa ameushika tangu akiwa mtoto wa miaka minne, nilipokuwa nikimvusha mto kwenda kwa shangazi. Nadhani alikuwa amesahau kwamba ameushika, na mimi sikumkumbusha.

Walipopotelea kwenye matete tulibaki tumechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Mimi ndiye niliyeinuka kwanza, kwa magoti haya, nikageuka kuifuata njia yangu ya siku zote. Masunga akanizuia.

"Siyo huko," akasema. "Ukipita huko utawashtua. Pita hapa, ukanyage ninapokanyaga."

Akakata fimbo, akachoma kwanza chini, akasikiliza, ndipo akatia mguu. Akatangulia. Nami nikafuata nyuma yake, kimya, kama mgeni.